Biolojia, Siyo Uuguzi

Nilipomaliza shahada yangu ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na nne, na ilikuwa shahada ambayo sikuwahi kuitaka. Ilikuwa ya uchumi. Kwetu Burundi mtu hatoki sekondari akaenda moja kwa moja kusoma anachopenda. Anafanya mtihani wa taifa, anasubiri, kisha karatasi inamwambia aende wapi. Mimi nilikuwa nimeandika udaktari kuwa chaguo la kwanza, na chini yake nikajaza uchumi kwa sababu lazima ujaze kitu. Alama zangu zilipungua kidogo tu. Karatasi ikasema uchumi, nami nikaenda.

Siku ya kupewa shahada Baba alifunga karakana yake pale mtaani kwetu Jabe, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya Idi. Baba ni fundi wa magari, na mikono yake haitakati hata akiisugua kwa mchanga na sabuni. Siku ile aliificha nyuma kwenye kila picha. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za safari iliyokwisha kupangwa, "Sasa, dokta, njia gani imebaki?"

Shangazi alikuwa pamoja nasi. Alikuwa dada yake Baba, mkubwa wake kwa miaka mitatu, muuguzi katika kituo cha afya huko Carama, kaskazini mwa mji, kule ambako nyumba na mashamba ya mahindi yamechanganyikana. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne, na Baba, ambaye hakujua kusuka nywele wala kupika uji usio na madonge, alinipeleka kwake. Shangazi aliwahi kuolewa, akarudi bila mtoto. Nikawa mtoto wake. Nilikaa Carama mpaka darasa la sita, ndipo nikarudi Jabe kwa ajili ya shule. Majirani zake walimwita Muganga. Kwetu jina hilo wanaitwa daktari na muuguzi bila kutofautishwa, na wale watu hawakuona kwamba wanakosea.

Nakumbuka siku niliyoanza kutaka udaktari, na si habari ya kujivunia. Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa likizo, Shangazi akanichukua kazini kwa sababu hakuwa na wa kuniachia. Asubuhi ile alimzalisha mwanamke aliyekuja kwa miguu kutoka mashambani, na mtoto akatoka kitovu kimemzunguka shingoni, hapumui. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya nje nikisikiliza. Kulikuwa na kimya, kisha makofi madogo, kisha kimya tena, halafu mtoto akalia. Shangazi alitoka kunawa, jasho limemlowesha mgongo wote. Wakati huohuo gari likaingia uani na daktari akashuka, amekuja kukagua. Kila mtu akasimama. Shangazi naye akasimama, mikono yake ikidondosha maji. Daktari alimpita bila salamu, akaomba daftari.

Mtoto mwingine angemchukia yule daktari. Mimi nilitaka kuwa yeye. Nilitaka kuwa mtu ambaye akiingia mahali, watu wanasimama. Mambo ya kuponya wagonjwa nilijifunza kuyasema baadaye, nilipoona ndiyo watu wanapenda kuyasikia.

Basi baada ya ile sherehe ya uchumi nikaanza kuuliza. Niliambiwa kwamba mwenye shahada anaweza kuomba nafasi ya udaktari bila kurudia mtihani wa taifa. Nafasi ni chache, na wanaangalia dosie yako: umesoma nini, ukapata alama gani. Dosie yangu ilijaa hesabu za biashara na sheria za kodi. Kila niliyemuuliza akanipa jibu moja: chukua shahada nyingine, iliyo karibu na udaktari, fanya vizuri sana, halafu upige hodi tena. Swali likawa ni shahada ipi.

Mwaka ule kulikuwa na mbili nilizoweza kuingia. Biolojia, miaka mitatu, darasani na maabara. Na uuguzi, ambao kwetu tunauita infirmie, miaka mitatu pia, ila nusu yake unakaa hospitali na wagonjwa. Nilichukua karatasi nikaigawa katikati kwa mstari. Upande wa biolojia nikaandika: kemia, jenetiki, alama zinazoonekana. Upande wa infirmie nikaandika: wagonjwa, kazi ya haraka. Kisha chini yake nikaandika neno "chini", nikalikata kwa wino mpaka karatasi ikatoboka.

Nilikwenda kwenye chuo kimoja kuuliza. Nyuma ya dirisha alikuwa karani wa makamo anayepokea dosie, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimweleza hali yangu yote, tangu mtihani wa taifa. Alinisikiliza huku akipanga makaratasi.

"Sasa we unataka nikuambie nini?"

"Ipi inasaidia zaidi kuingia medisini."

"Mi si profesa, dada yangu." Akatazama nyuma yake kama anayehakikisha hakuna anayesikia. "Lakini dosie za biolojia zinapitaka. Wale wamesoma kemia. Infirmie, wanasema abaki infirmie."

Neno lile "wanasema" sikulisikia. Nilitoka pale nimebeba ahadi ambayo hakuna mtu aliyekuwa amenipa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Carama kumwambia Shangazi. Nilimkuta amekaa kwenye kibaraza cha nyuma, sinia la maharage mapajani, anachambua mawe. Nilikaa kwenye mkeka karibu naye nikachukua sehemu yangu. Yeye ndiye aliyeanza, maana Baba alikuwa amekwisha kumdokeza.

"Soma infirmie," alisema. "Mwaka wa kwanza tu utamushika mugonjwa. Utajua kama unawapenda ao apana. Medisini wakikukubali, utaingia unajua unaingia wapi. Wakikukataa, uko na kazi mikononi."

"Nikitoka infirmie hawatanikubali."

"Nani kasema?"

"Chuoni."

"Chuoni nani?"

Nilimwambia habari za karani. Alicheka kidogo, bila ubaya wowote. "Mutu wa dirisha," alisema.

Kile kicheko kiliniwasha. Nikaanza kumweleza habari za kemia na jenetiki, kwa maneno makubwa ya Kifaransa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasoma juzi tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, macho yake yakiwa kwenye sinia:

"Biolojia ni ya vitu viko ndani ya chupa. We unasema unataka watu. Ao unataka jina tu?"

Alikuwa ameniona. Nadhani alikuwa ameniona tangu nina miaka tisa, pale kwenye benchi. Na mtu akionwa namna hiyo, ama anakiri ama anauma. Mimi niliuma.

"Sitaki kuzeeka nikipangusa mavi ya watu kama wewe," nilisema.

Mikono yake ilisimama juu ya maharage. Nakumbuka vidole vyake, kucha zimekatwa fupi kabisa kama alivyozikata siku zote, na punje moja nyekundu kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha vikaendelea: jiwe huku, punje kule.

"Maji yanachemuka," alisema. "Nenda uangalie."

Nilikwenda jikoni kuangalia maji. Nilisimama mbele ya sufuria na uso wangu ukiwa mvuke mtupu, nikijiambia kwamba nikirudi nitaomba radhi. Niliporudi alizungumza habari za mvua iliyochelewa na za jirani aliyehamia Kinanira. Tukala, nikaosha vyombo, nikaaga. Sikuomba radhi. Njiani nilijiambia kwamba hakulisikia vizuri, na nilipofika Jabe nilikuwa karibu kuliamini hilo.

Niliandikishwa biolojia. Wiki moja kabla ya masomo kuanza Shangazi alikuja mjini na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na koti jeupe la maabara. Lilikuwa moja la makoti yake ya kazi, amelipunguza mabega, ameshona vifungo vipya, na pale mfukoni palipokuwa pametariziwa jina la kituo cha afya amefumua nyuzi zote kwa wembe. Zilibaki alama ndogo ndogo za sindano. Aliniambia nilivae aone. Nikalivaa mbele yake na Baba, akanizungusha kwa kunishika mabega, akasema mkono wa kushoto umezidi kidogo, akaukunja akaupiga nyuzi palepale nikiwa nimesimama. Nililivaa koti hilo miaka yote mitatu.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Ninasema hivi kwa sababu ni kweli na kwa sababu hilo halikunisaidia. Wenzangu darasani walikuwa na miaka kumi na tisa, ishirini. Waliniita dada mkubwa na kuazima madaftari yangu. Nilipasua vyura, nilihesabu nzi wenye macho meupe na wenye macho mekundu, nilichora seli kwa penseli mpaka mwalimu akaning'iniza mchoro wangu ukutani. Kila muhula nilikuwa wa kwanza au wa pili. Baba alibandika alama zangu kwenye ukuta wa karakana, karibu na kalenda ya duka la vipuri, na wateja wake walipozisoma aliwaambia, "Huyu anaelekea medisini. Hii ni ya kupita tu."

Carama nilikwenda mara chache, kisha mara chache zaidi. Mafuta yalikuwa yameadimika mjini, watu walisimama kwenye foleni ya basi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na hilo likawa udhuru wangu. Lakini siku nilizotaka kwenda maktaba nilikwenda kwa miguu. Shangazi ndiye aliyekuja. Alikuja Jabe kila mwisho wa mwezi, akiwa na mboga za lengalenga za shambani kwake zilizofungwa kwa kanga, na viatu vyake vimejaa vumbi la njia nzima. Aliniuliza habari za mitihani. Habari za uuguzi hakuzitaja tena, hata kwa bahati mbaya. Hata habari za kazi yake, ambazo zamani alinisimulia zote, nani kazaa, nani kapona, nani hakupona, aliacha kunisimulia. Nilidhani amechoka. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

Nilipopata shahada ya pili nilipeleka dosie ya udaktari siku ya kwanza kabisa dirisha lilipofunguliwa. Karani alikuwa yuleyule. Nilimwambia, "Nimesoma biolojia kama ulivyoniambia." Alinitazama juu ya miwani.

"Mi nilikuambia?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Dada, hapa watu wanapita wengi," alisema, na akagonga muhuri.

Orodha ilibandikwa ukutani nje, asubuhi. Niliisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Jina langu halikuwapo. Binti aliyesimama karibu yangu, ambaye jina lake lilikuwapo, aliniambia kwa huruma kwamba mwaka huu nafasi za wenye shahada zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, nyingine zote zimekwenda kwa waliotoka sekondari. Nilimuuliza yeye ametokea wapi.

"Infirmie," alisema. "Nilifanya kazi miaka miwili."

Nilimpa hongera. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na nilipopita sokoni Jabe muuza vitenge mmoja, rafiki wa Baba, aliniita kwa mbali, "Dokta, habari." Nilimwambia nzuri.

Miezi minne baadaye, asubuhi ya siku ya chanjo, Shangazi alianguka akiwa anapima uzito wa watoto. Akina mama waliokuwepo walisema alimkabidhi mama mmoja mtoto wake kwanza, kwa mikono yake miwili, ndipo akainama kama anayetafuta kitu sakafuni. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote, na maneno yakaondoka.

Katika hospitali zetu mgonjwa haachwi peke yake. Lazima awe na murwaza, mtu wa nyumbani wa kumlisha, kumwosha, kumgeuza, kumtolea choo. Wauguzi ni wachache na vitanda ni vingi. Baba alikuwa mwanaume, hakuweza kumvua nguo dada yake. Nikabaki mimi, mwenye shahada mbili na bila kazi.

Siku ya kwanza sikujua pa kumshika. Shangazi alikuwa mwanamke mzito. Shuka lilikuwa limechafuka chini yake, nami nilisimama na beseni la maji mkononi, nikijua majina ya mifupa yote ya nyonga kwa Kifaransa. Nikamvuta kwa ule mkono uliokufa. Akatoa sauti ya maumivu, ya chini sana, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza uso.

Ndipo mkono wake wa kushoto ukanishika. Ukanitoa kwenye ule mkono mbovu, ukanipeleka kwenye bega, kisha kwenye nyonga, na kugonga mara mbili: hapa na hapa. Kisha akagonga goti lake la kulia mpaka nikaelewa kwamba nilipaswa kulikunja kwanza. Nikalikunja. Nikashika bega na nyonga kwa pamoja, nikavuta, na mwili wote ukaja upande wangu kwa urahisi, kama mlango. Alifumba macho kuonyesha kwamba ndivyo.

Alinifundisha kila kitu namna hiyo, kwa mkono mmoja. Uso kwanza, kwa maji matupu. Kisha shingo, kwapa, na kukausha kila mkunjo wa ngozi, kwa sababu unyevu ndio unaoleta vidonda. Maji ya sehemu za chini yawe mengine. Nikisahau kuyabadilisha alisukuma beseni. Visigino akanionyesha nivisugue kwa mafuta, na mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, siyo chini ya visigino. Nikikosea alirudia. Hakuwahi kuonyesha hasira. Nilimpangusa, niliosha mashuka yake kwenye karo za uani pamoja na warwaza wengine, nikaanika, nikarudi. Baada ya wiki mbili hakuwa na kidonda hata kimoja, na muuguzi wa zamu aliniuliza kama nimesomea.

"Apana," nilimwambia.

Alasiri moja, nilipokwisha kumgeuza aelekee dirishani, niliweka kitambaa chini nikakaa mbele ya uso wake.

"Shangazi," nilisema, "lile neno nililokuambia Carama. Siku ya maharage."

Alinitazama. Jicho lake la kulia lilikuwa linatoa machozi siku zote kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo machozi hayakuniambia kitu. Nilimwambia nilikosa. Nilimwambia sikumaanisha, kisha nikasema nilimaanisha wakati ule, na hilo ndilo linalonitesa. Mkono wake wa kushoto ukainuka. Nilidhani unakuja usoni kwangu, nikasogeza uso. Ukapita ukaelekea kwenye beseni lililokuwa miguuni pangu, ukanyoosha kidole pale, ukabaki pale.

Sijui alitaka nini. Labda maji yalikuwa mahali pabaya, mtu angeyakanyaga. Labda aliniambia kwamba jibu ni hilo beseni, kwamba nilikuwa ninalilipa neno langu kila asubuhi. Labda alitaka tu ninyamaze. Nilibeba beseni nikalimwaga, na niliporudi alikuwa amelala.

Alikufa siku ya tisa baada ya hapo, saa nne asubuhi, wakati ninamchana nywele. Tulimpeleka nyumbani Jabe. Wanawake wa mtaani walikuja kumwosha kabla ya sanda, wakiongozwa na bibi mmoja ambaye kazi hiyo ameifanya maisha yake yote. Aliniambia nikae upande wa miguu nimimine maji, kwa kuwa wenye msiba mikono yao hutetemeka. Ulipofika wakati wa kumgeuza nilikunja goti, nikashika bega na nyonga, nikamgeuza. Bibi akanitazama, akaniachia nafasi yake.

Mwaka ule niliomba tena udaktari. Sikutaka sana, lakini Baba alikuwa amekwisha kuchukua dosie mwenyewe, akiwa na ovaroli yake yenye oili, akaipeleka. Safari hii waliniita kwenye mahojiano. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Waliniuliza habari za protini na mimi nikajibu vizuri. Kisha mwanamke aliyekaa katikati, mwenye mvi, akafunga dosie yangu akaniuliza kama nimewahi kumhudumia mgonjwa.

"Mmoja," nilisema.

"Ulimfanyia nini?"

Nilimweleza. Nilieleza bega na nyonga, maji mawili, visigino. Nilisema shangazi yangu alikuwa muuguzi na ndiye aliyenifundisha. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusema mbele ya watu wakubwa, kwa sauti kamili, kwamba shangazi yangu ni muuguzi.

"Yuko wapi sasa?"

"Yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa."

Mwanamke yule aliniambia pole, na wakaniruhusu kutoka. Orodha ilipotoka nilikuwa miongoni mwa wanaosubiri, wa pili. Tulisubiri mpaka masomo yakaanza. Hakuna aliyeacha nafasi yake.

Sasa ninafanya kazi kwenye maabara ya kliniki moja huko Kinanira, mlimani kusini. Ninachoma vidole, ninatandaza damu kwenye kioo, ninatafuta malaria. Wagonjwa ninaonana nao kwa dakika mbili, kisha wanakwenda kwa daktari na mimi ninabaki na damu yao. Ni kazi nzuri na ninaifanya kwa uangalifu. Mwaka juzi umri wangu ulipita ule wanaoupokea, na Baba akaondoa alama zangu ukutani siku alipopaka karakana rangi, hakuzirudisha.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, nikiwa ninaondoa sahani, nilijisikia siwezi tena kulibeba peke yangu.

"Baba," nilisema, "kuko kitu nilimwambia Shangazi, sijakuambiaka."

"Cha Carama?" aliuliza.

Nilikaa chini na sahani mikononi.

"Aliniambia siku ileile," alisema Baba. "Alikuja hapa kwa miguu nyuma yako. We ulikuwa umekwenda dukani. Alilia pale, kwenye kiti kile. Mi nilitaka nikuite nikupige, mutu muzima vile ulikuwa. Alikataa. Akaniapisha nisiseme."

"Alisema nini?"

Nilimwona Baba anajitahidi kukumbuka maneno yenyewe, kwa kuwa hajui kupamba.

"Alisema umechoka na mitihani," alisema. "Alisema, mutoto akichoka anasemaka mambo. Lakini alilia, mwanangu. Sitakudanganya. Alilia sana."

Kisha akaomba maji ya kunywa. Nikamletea, akanywa, akaenda kujilaza kidogo kabla ya sala ya alasiri. Mimi nilibaki mezani. Miaka yote ile, kila mwisho wa mwezi, alikuwa akija na lengalenga zake na kuniuliza habari za mitihani, na alikuwa amelisikia neno langu vizuri, lote, tangu siku ya kwanza.